Uso na Mwenyewe

Katika vitu vyote ambavyo mtu huzaliwa navyo hapana kimoja kilicho karibu naye kama uso wake, wala hapana kimoja kilicho kigumu kwake kukiona. Mikono yetu twaiona, na miguu yetu twaiona. Uso wetu hatuuoni ila katika kioo, au katika maji yaliyotulia, au katika macho ya watu wengine. Kwa hiyo mtu atakaye kuishi kwa uso wake ataka kuishi kwa kitu ambacho wengine wanakitazama zaidi kuliko yeye. Neno hili lilinishughulisha kwa siku nyingi, na sababu yake ni binti mmoja wa Kikoneni.

Msomaji asiyeijua Kikoneni na ajue kwamba ni mji mdogo wa Kwale, ulioko bara kidogo ya pwani ya Msambweni, katika nchi ya machungwa, maembe na minazi. Kutoka huko mpaka Diani si safari ndefu kwa gari, lakini kwa maisha ni safari ndefu sana. Diani kuna mahoteli, mchanga mweupe na wageni wenye kamera shingoni. Kikoneni kuna magunia ya machungwa yanayongoja lori la kwenda Mombasa. Binti huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa darasa lake, na kwa urefu huo wenzake walimtania tangu utoto wakimwita mnazi. Siku moja alikuja nyumbani kwangu, akanipa shikamoo, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliye tayari kuondoka, akasema: "Mwalimu, nataka kuwa mwanamitindo. Nianzie wapi?"

Nilicheka. Nasema hivi kwa aibu, maana kicheko cha mwalimu mbele ya swali la mwanafunzi ni mlango unaofungwa kwa kishindo. Nikamwambia kwamba uzuri ni ua, na ua hunyauka. Heri aende akasomee ualimu au uuguzi. Maneno yangu yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa jibu. Mtu akuulizaye njia ya kwenda Ramisi humwambii kwamba Ramisi kuna jua kali. Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake; na kwa kuwa hakuonyeshwa njia na mtu amtakiaye mema, aliiuliza kwa mtu asiyemtakia. Katika mji mmoja wa pwani alimpata bwana mmoja mwenye kadi nzuri na viatu vinavyong'aa, aliyejiita wakala wa wanamitindo. Bwana yule alitaka ada ya kuandikishwa, kisha ada ya picha, kisha ada ya mafunzo. Mamake aliuza machungwa ya msimu mzima yakiwa bado mtini. Baada ya ada ya tatu simu ya bwana yule haikupatikana tena mpaka leo.

Tangu habari hiyo iliponifikia nimejiona mdaiwa. Na deni la jibu hulipwa kwa jibu, ijapokuwa limechelewa.

Swali la kwanza ambalo wazee wengi huuliza ni kama hii ni kazi hata kidogo. Husema kwamba uzuri haukuchumwa kwa jasho. Mtu ameupata bure, basi itakuwaje auuze? Hoja hii ina nguvu kwa masikio, lakini haina miguu. Sauti ya mwimbaji nayo haikuchumwa kwa jasho. Kifua cha mkimbiaji wa Iten na Eldoret hakikununuliwa dukani, wala akili ya hesabu haikupandwa na mwenyewe. Kila fundi huanza na kitu alichopewa bure. Kazi yake ni kile anachokiongeza. Mwanamitindo huongeza mengi ambayo mtazamaji hayaoni. Nguo za baridi hupigwa picha miezi kadhaa kabla ya baridi kufika, basi yeye husimama juani amevaa koti la sufi, na hutakiwa asionyeshe jasho. Nguo za kuogelea huzivaa upepo wa baridi ukivuma, na hutakiwa asitetemeke. Huamka kabla ya alfajiri, husimama saa nyingi kwa ajili ya picha moja, na hujifunza kutembea upya kama mtoto. Mtu anayesema kwamba huko ni kukaa bure na ajaribu kusimama bila kutikisika kwa robo saa tu.

Wala kuonyesha vazi si jambo lililoletwa kwetu na ndege. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa katika mwaka 1887, na kanga zenye alama ya Mali ya Abdulla zikaenea pwani yote. Nani aliyezitangaza kanga kwa mwanamke wa kijijini asiyefika dukani? Ni mwanamke mwingine, aliyejitanda kanga mpya arusini na kutembea nayo kama ipasavyo, hata kesho yake wenziwe wakauliza imetoka wapi. Huko Paris, Mwingereza Charles Frederick Worth alifungua nyumba ya mavazi katika mwaka 1858, na mkewe, Marie Vernet, alikuwa akiyavaa mavazi hayo ili wateja wayaone yakitembea. Wengi humhesabu mama huyo kuwa mwanamitindo wa kwanza. Tofauti ya yeye na shangazi zetu wa arusini ni kwamba historia imeliweka jina lake.

Basi kazi ni kazi. Lakini nisimdanganye kijana: ni kazi yenye ugumu wa namna ya peke yake. Mkimbiaji akishindwa, saa humwambia kwa kiasi gani ameshindwa, na mwaka ujao atajipima kwa saa ile ile. Mwanamitindo akikataliwa haambiwi neno ila kwamba hakuchaguliwa. Huenda kimo chake hakikufika, maana majumba makubwa ya mavazi aghalabu hutaka msichana wa kimo cha kama mita 1.75 au zaidi. Huenda walitaka nywele za namna nyingine. Huenda aliyechagua hakulala vema usiku. Atakayeingia katika kazi hii atakataliwa mara kumi ili akubaliwe mara moja, na kila mara kitakachokataliwa si insha yake wala hesabu yake. Ni uso wake.

Hapo ndipo moyo wa kijana huweza kuvunjika, na hapo ndipo apaswapo kujua jambo moja. Malaika Firth alizaliwa Mombasa katika mwaka 1994, akakulia London. Katika mwaka 1994 kampuni ya Prada ya Italia ilimtumia Naomi Campbell katika matangazo yake ya mavazi ya kike. Baada ya hapo hakuonekana mwanamke mweusi mwingine katika matangazo hayo mpaka Malaika alipochaguliwa katika mwaka 2013. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa mlango ulipofungwa alikuwa amekua mwanamke mlango ulipofunguliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua. Je, kwa muda wote huo hapakuwa na wanawake weusi wazuri duniani? Walikuwako wengi, walibisha hodi, wakarudishwa. Basi kijana akirudishwa asifanye haraka kusema kwamba uso wake una kosa. Mara nyingine kosa limo katika macho ya bawabu.

Sasa nafika kwenye swali ambalo kwangu ni zito kuliko yote, na sitaharakisha. Swali ni hili: mtu akishauza picha ya uso wake, ni kitu gani kinachobaki kuwa chake?

Katika mwaka 1975 palikuwa na mwanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliyeitwa Iman. Alizaliwa Mogadishu katika mwaka 1955. Babake alikuwa balozi. Mamake alikuwa daktari wa wanawake. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma Misri, akijua lugha kadhaa, na familia yake ilikuja Kenya kwa sababu ya machafuko ya siasa yaliyofuata mapinduzi ya mwaka 1969 katika Somalia. Njiani katika Nairobi alionwa na Mmarekani mmoja mpiga picha, Peter Beard, ambaye alimwuliza kama amepata kupigwa picha. Iman, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, hakuruka kwa furaha. Aliuliza atalipwa nini, na bei aliyoitaja ilikuwa karo yake ya chuo, dola 8,000. Alilipwa.

Mpaka hapo msichana huyu ni kielelezo chema. Alijua kwamba uso wake una thamani, na thamani hiyo aliigeuza kuwa elimu. Lakini picha zilipofika Marekani zilifuatana na hadithi. Beard aliwaambia watu wa magazeti kwamba alimkuta nyikani akichunga mifugo, kama kwamba hajui dunia wala dunia haimjui. Binti wa balozi alifanywa mchunga ng'ombe. Mwanafunzi wa siasa alifanywa mtu asiyejua neno. Iman alipofika New York mwishoni mwa mwaka ule alikuta hadithi imemtangulia, nayo imeketi katika kiti chake.

Kabla ya kuhukumu, tutazame vizuri. Hapana aibu katika kuchunga ng'ombe. Watu wengi waliosoma vitabu virefu walianza machungani, na mchungaji ajuaye kila mnyama wake kwa jina si mjinga. Ubaya wa hadithi ile haukuwa kwamba ilimshusha cheo. Ubaya wake ni kwamba ilimwondoa yeye na kuweka mwingine mahali pake. Watazamaji walipouona uso wa Iman walidhani wanaona mtu ambaye hakuwako. Na kwa nini hadithi ile ilinunuliwa upesi hivyo? Kwa sababu wanunuzi walikuwa nayo tayari vichwani mwao. Walitaka Afrika ya nyika na ukimya. Afrika yenye chuo kikuu, na msichana anayeuliza bei kwa Kiingereza sanifu, haikuwa katika soko lao.

Je, Iman alikosa kwa kuingia mlango uliofunguliwa na uongo? Wako watakaosema kwamba hakuusema yeye, na kwamba msichana wa miaka 20, katika mji wa ugeni, hana nguvu ya kuwakanya wenye magazeti. Wako watakaosema kwamba anyamazaye uongo unapomletea faida anashiriki katika uongo. Mimi nimezipima hoja hizi mara nyingi, na siwezi kumtia hatiani. Lakini pia siwezi kusema kwamba jambo lile halikuwa na gharama. Katika miaka iliyofuata alilazimika kueleza tena na tena kwamba hadithi ile haikuwa kweli, kwamba wazazi wake walikuwa na kazi zao na yeye alikuwa na kitabu chake. Uongo uliosemwa kwa siku moja ulimtaka aukanushe kwa miaka. Mtu mwingine alikuwa amekopa kwa jina lake, na yeye ndiye aliyelipa.

Nafikiri jibu la swali langu limo humo. Picha yaweza kuuzwa, kwa maana picha ni kivuli. Aiuzaye haondokewi na uso. Habari ya mtu alikotoka, jina lake, wazazi wake, dini yake, elimu yake, hizo si nguo za duka zivaliwe kwa saa moja na kurudishwa. Anayezinunua hanunui kivuli, ananunua mwenyewe. Na kwa kuwa wanunuzi wa namna hiyo hawataji kwamba wananunua, muuzaji huweza kuuza bila kujua, na bila kulipwa.

Iman alijifunza upesi jambo la pili. Katika kazi yake ya kwanza kule New York aliyempaka uso alimwuliza kama amekuja na rangi yake mwenyewe, maana ya rangi ya ngozi kama yake haikuwamo sandukuni. Wengine wangalijiona wenye upungufu. Yeye aliona kwamba sanduku ndilo lenye upungufu, akaanza kujichanganyia rangi mwenyewe, na katika mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi kwa wanawake wenye ngozi za rangi. Ajuma Nasenyana wa Turkana, ambaye alikuwa mkimbiaji kabla ya kuwa mwanamitindo, naye amesema hadharani dhidi ya dawa za kujichubua. Yafaa jambo hili lisikike huku kwetu pia, ambako kopo la kujichubua hupatikana dukani kwa bei ndogo kuliko kitabu.

Liko suala la heshima na mavazi, na katika nchi ya Wadigo, ambako wengi ni Waislamu, mzazi hawezi kulipita. Sitajifanya mwamuzi wa dini ya mtu. Nasema hivi tu: mpaka wa mavazi na uwekwe nyumbani, mbele ya wazazi, kwa utulivu, usingoje kuwekwa mbele ya taa, watu kumi wakitazama saa zao na mmoja akisema, "Vua kidogo tu, tumechelewa." Mpaka uwekwao kwa haraka huwekwa na mwenye haraka. Kuna kazi za mwanamitindo anayejistiri. Ziko kanga, ziko buibui, ziko leso za kichwa, na zote zahitaji mtu wa kuzivaa.

Na sasa lile jibu ambalo binti yule alilitaka na sikumpa. Wakala wa kweli hula katika pato, si katika ada. Humtafutia mwanamitindo kazi, na kazi ikilipwa huchukua sehemu yake, ambayo mara nyingi ni kama moja ya tano. Kwa hiyo akitaka fedha nyingi kabla ya kazi yo yote kupatikana, biashara yake ni kuuza matumaini, na mteja wake ni wewe. Picha za kwanza hazihitaji gharama: uso usiopakwa kitu, nguo isiyo na mapambo, mwanga wa asubuhi, picha moja ya mbele, moja ya upande, moja ya mwili mzima, wenye kazi hii hupenda hizo kwa sababu zinaonyesha ukweli. Vipimo viandikwe kama vilivyo, kwa maana utepe wa kupimia utakuja siku moja. Aliye chini ya miaka 18 asiende pahali po pote wala kutia sahihi bila mzazi. Na mtu akiahidi kazi ya mitindo ng'ambo, tiketi tayari, lakini ataka kuishika pasipoti yako, simama hapo hapo. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na haikutungwa kwa sababu mambo hayo ni ndoto.

Shule nayo isiachwe. Flaviana Matata wa Tanzania alisomea umeme katika chuo cha ufundi Arusha kabla ya kuwa Miss Universe wa Tanzania katika mwaka 2007. Alikwenda Mexico kushindana na kichwa kilichonyolewa, kati ya nywele ndefu za dunia nzima, akaingia katika kumi bora. Mamake alikuwa amekufa maji katika meli ya MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996. Baadaye alianzisha taasisi ya kuwasaidia wasichana wasome. Nilipokuwa nikimhubiria binti wa Kikoneni habari za maua yanayonyauka, laiti ningalikuwa nimezijua habari za fundi umeme huyu. Nisingalimtaka achague kati ya vitu viwili ambavyo mwenziwe alivibeba vyote kwa mkono mmoja.

Binti yule alikuja tena mwaka jana. Fedha za machungwa hazikurudi, na mamake bado huzitaja kila mvua ikichelewa. Lakini alikuwa amepata kazi ya siku mbili: hoteli moja ya pwani ilitaka picha za kutangazia wageni, na safari hii hakuombwa ada. Alinyosha karatasi ya mkataba mezani pangu. Walitaka abebe mtungi wa udongo kichwani ufukoni, wakati wa magharibi. Alicheka akasema kwamba kwao maji hubebwa kwa madumu ya manjano juu ya baiskeli, na kwamba hajapata kuubeba mtungi wa udongo maishani mwake. "Lakini mtungi nitaubeba, Mwalimu," akasema. "Mtungi ni kama nguo. Nisichokitaka ni hiki." Akaweka kidole chake chini ya ukurasa wa pili, palipoandikwa kwamba hoteli yaweza kuzitumia picha pamoja na jina na maelezo yo yote itakayoyachagua, kwa muda wo wote.

Safari hii sikucheka. Nilikwenda kabatini kuleta kamusi, kwa kuwa katika mstari ule palikuwa na maneno mawili ya kisheria ambayo hata mimi sikuyajua sawasawa. Tuliyasoma pamoja, neno kwa neno, mpaka adhuhuri. Kisha akaniazima kalamu, akaufuta mstari ule kwa mkono usiotetemeka, na pembeni akaandika jina lake kamili, na baada ya jina akaandika: wa Kikoneni.